Bwana Shamba Asiyechoka

Kijijini kwetu walikuwepo mabwana shamba watatu kwa wakati mmoja, lakini ukisema Bwana Shamba hakuna aliyekuuliza yupi. Wale wawili waliitwa kwa majina yao. Huyu alikuwa na cheo tu, na cheo kilimkaa mwili mzima, pamoja na buti zake za mpira ambazo alizivaa hata kiangazi, hata kanisani, hata siku alipokuja kwangu kula pilau ya kipaimara cha binti yangu Frida. Mke wangu alimtazama miguuni akasema, "Bwana Shamba, humu sebuleni hakuna tope." Akajibu, "Najua, Mama Frida. Ila nimetoka kuliona shamba la mumeo, na miguu bado haijaamini kwamba tumelipita."

Huko alikoanzia maisha sikujui vizuri, na yeye hakuwa mtu wa kujisimulia. Nilijua ni Mnyasa wa Mbaha, kule ziwani, kwamba ana dada huko, na kwamba akila ugali bila samaki kwa mwezi mzima anaanza kusema peke yake. Basi. Mimi mwenyewe si mtu wa kwenda kuulizia habari za watu. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi, nikakiweka cheti ndani ya kopo la biskuti, sikuenda popote tena. Songea nimefika mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimebebwa, naumwa. Ninayoyasema hapa niliyaona kutoka kibarazani kwangu, maana njia yake ya kwenda mashamba yote ya upande wa Kitura ilipita hapo, na mimi nilikuwa hapo.

Usemi wake mkubwa ulikuwa mmoja: "Nionyeshe, usinisimulie." Ukimwambia kahawa yako ina ugonjwa, aligeuka kuelekea shambani kwako, akakuacha ukimkimbilia nyuma. Akifika aliinama, akaligeuza jani upande wa chini, akalipangusa kwa kidole gumba, akanusa. Kidole kile kilikuwa na doa la rangi ya kutu lisilotoka kwa sabuni. Alijua miti ya watu kama mapadre wanavyojua waumini wanaokosa misa. Mara moja nilimdanganya kwamba nimepogoa kahawa yangu yote. Akasema, "Hongera, Baba Frida. Na ule mti wa tano kutoka mgombani, wenye matawi mawili yanayopigana?" Sikuwa nimepogoa hata ule wa kwanza.

Alikuwa na mambo yaliyopingana. Ofisini kwao walimtaka atufundishe kulima kwa matuta ya kukinga mteremko. Yeye, mtu wa pwani ya ziwa, alikuja akakuta Wamatengo tunalima ngoro: wanaume tunalaza majani tuliyofyeka kwa miraba, wanawake wanafukua udongo katikati na kuufunika juu ya majani, mlima mzima unakuwa mashimo mashimo kama sega la nyuki, na mvua inakosa pa kukimbilia. Alitazama msimu mmoja. Msimu wa pili akalima ngoro zake nyuma ya nyumba ya serikali, tena akafukua mwenyewe pamoja na wanawake, wakamcheka mpaka wakaegemea majembe. Taarifa zake za kila mwezi ziliendelea kusema kwamba wananchi wanahamasishwa kuhusu matuta. Nilimuuliza kama huo si uongo. "Si uongo," akasema. "Nawahamasisha. Hamhamasiki."

Lakini somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mti uliobeba mno. Wote waliopita mikononi mwake wanalijua kwa moyo.

Mwaka ambao mvua imekuja vizuri, mti wa kahawa ambao haujapogolewa wala kutiwa mbolea unaweza kushika punje kutoka shinani mpaka ncha ya kila tawi. Mwenyewe anafurahi, anaita majirani waje kuona. Bwana Shamba naye anakuja, anatoa mkasi wake mfukoni, na mbele ya macho ya mwenye mti anaanza kuziangusha punje mbichi chini, nusu nzima. Mama Kapinga, jirani yangu wa bondeni, siku ya kwanza kuona hivyo alimshika mkono akamwambia atamfikisha kwa mwenyekiti.

"Mama, huu hauzai, unajimaliza," alimwambia. "Unachukua chakula kwenye majani. Majani yakiisha, kwenye matawi. Matawi yakiisha, kwenye mizizi. Mwakani utakuja hapa na shoka. Ukiuona mti umebeba hivi usiushangilie. Utue mzigo."

Hakusikilizwa mwaka ule. Mwaka uliofuata Mama Kapinga alikwenda na shoka. Tangu hapo hata watoto wa shule walikuwa wakisimama njiani wakinyoosha kidole ng'ambo ya bonde: ule umebeba mno, ule utakufa.

Kisha ikaja ile miaka ya soko huria. Kabla yake, chama cha ushirika ndicho kilichotuletea dawa na mbolea, na ndicho kilichonunua kahawa. Kikadhoofika, kikaacha. Malori ya wanunuzi binafsi yakaanza kusimama barabarani na kununua chochote, iliyokauka na isiyokauka, nzuri na mbovu katika gunia moja. Miaka yote Bwana Shamba alikuwa ametufundisha kuchambua. Sasa aliyechambua na asiyechambua walipanda lori moja. Dawa zikauzwa madukani, nyingine zilikuwa dawa, nyingine unga wa rangi ya dawa. Watu walipulizia, chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, ikaendelea kuozesha punje mitini, wakamsimamisha njiani: "Bwana Shamba, dawa yako haiui." Mwanzoni alisema, "Si yangu." Baada ya muda akaacha kusema.

Miaka hiyohiyo serikali ilipunguza wafanyakazi. Wale mabwana shamba wenye majina wakaenda makwao, mmoja na redio, mwingine na mbuzi. Maeneo yao yakaongezwa kwa aliyebaki. Akapewa na pikipiki, na petroli akaahidiwa.

Tulifurahi. Lazima niseme ukweli, tulifurahi sana kwamba wamemwacha yeye.

Kwa miaka miwili au mitatu alifika kila alikoitwa. Alipita kwangu asubuhi anakwenda, alipita jioni anarudi, akisukuma pikipiki kama mtu anayemrudisha ng'ombe mgonjwa. Nilimpigia kelele kutoka kwenye kiti changu: "Bwana Shamba, ipande!" Akasema, "Leo zamu yake." Nilicheka. Nilikuwa na kikombe mkononi.

Ninajiuliza ni lini ilianza, na ninakosa siku. Kuna mambo madogo ambayo kila moja peke yake ni upuuzi. Aliacha kunusa majani. Aliacha kunitania kuhusu ule mti wa tano. Alianza kusahau majina ya watu, akawaita wote "mzee", hata Frida. Jumapili alilala kutwa, na Jumatatu macho yalikuwa mekundu kama hakulala kabisa. Zahanati walimpa dawa za malaria mara nne kwa msimu mmoja, maana kwetu kila kisichojulikana ni malaria. Alikwenda Mbaha likizo ya siku kumi akarudi siku ya nne. Nikamuuliza, huko samaki wameisha? Akasema, "Nimekaa pale nikisikia mnaniita." Hatukuwa tumemwita. Labda mmoja au wawili.

Siku moja mke wangu alirudi kutoka kisimani akasema, "Baba Frida, njoo uone. Bwana Shamba amekaa juu ya pikipiki pale kona, haijawaka, amevaa kofia ya chuma. Nimekwenda kisimani yupo, nimerudi yupo."

"Anapumzika."

"Anatazama mlima."

"Basi anatazama mlima."

Sikuinuka. Nafikiri angekuwa ng'ombe ningeinuka.

Kijijini kila mmoja alikuwa na maelezo. Wengine walisema anakunywa, na hakuwa akigusa pombe hata ya arusi. Wengine walisema amerogwa na mwenzake aliyepunguzwa. Wengine walisema ni kiburi cha pikipiki. Jambo lililonishtua mimi, ingawa nilishtuka nikiwa nimekaa, ni hili: nilimwambia kahawa yangu ina madoa, naye hakugeuka kuelekea shambani. Alisimama palepale njiani akafumba macho. Akasema, "Nisimulie tu."

Nikamsimulia. Akasema, "Sawa." Akaenda. Na mimi, mjinga mwenye cheti, nikaona siku hiyo nimepunguziwa safari ya shambani.

Yaliyofuata yalitokea kwa Mama Kapinga. Alimwita aje kuonyesha matawi ya kuondoa kwenye miti yake michanga, ile aliyoipanda badala ya iliyokufa. Bwana Shamba akaanza na mkasi. Mama Kapinga alikuwa anaeleza habari za shemeji yake, kama kawaida yake, na alipotazama tena akaona Bwana Shamba anakata kila kitu. Matawi mazuri, mabaya, mashina yenyewe, mti wa kwanza, wa pili, wa sita. Alimwita, hakusikia. Akamshika mkono kama siku ile ya zamani. Bwana Shamba akaketi chini katikati ya matawi, na buti zake, akasema, "Mama, nisaidie kuuachia mkasi." Vidole vilikuwa vimekataa kufunguka.

Mama Kapinga alivifungua kimoja kimoja. Akamletea togwa. Hakumfikisha kwa mwenyekiti. Alikuja kwetu akalia kwa ajili yake, si kwa ajili ya miti. "Yule baba ameona aibu," akasema. "Kanipita njiani kainamisha kichwa. Mimi sina neno naye, wallahi, nani atamwambia?" Mkatoliki kabisa, anaapa kama mwenye duka.

Wiki ile Bwana Shamba akakaa kibarazani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana siku zote alisema kiti changu kinaambukiza. Akasema, "Baba Frida, nimeandika nihamishwe. Nirudi Mbaha. Kule ni kata moja, na muhogo hauna maneno mengi. Wamesema watafikiria. Bosi ameonekana ana huruma."

"Umechoka?"

Akaliangalia lile neno kama mtu aliyepewa chombo asichokijua kazi yake. "Kuchoka ninakujua," akasema. "Nikichoka nalala, naamka. Hiki si hicho. Asubuhi nikivaa buti moja, nakaa dakika nyingi nikiitazama ya pili. Nawachukia, Baba Frida. Mnanisalimia, nawachukia. Na sina sababu."

Aliniambia hivyo mimi. Kati ya watu wote wa milima ile. Akaniomba nisimwambie mtu kuhusu uhamisho mpaka jibu lije.

Nikamwambia mke wangu tu. Mke wangu naye akamwambia Mama Kapinga tu, kwa nia njema, amtoe wasiwasi. Kufikia Jumapili, mwenyekiti wa kijiji alinijia baada ya misa akiwa na karatasi mbili safi zenye mistari. "Baba Frida, wewe ndiye mwenye mwandiko. Anaondoka kwa sababu ya aibu ya ile miti. Tumwandikie bosi wake kwamba hatuna kinyongo. Tukimwacha aende, atajua hatumpendi."

Nilikuwa na nafasi hapo ya kusema ninachokijua. Ningesema: si aibu. Ningesema maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, hata yale ya kutuchukia. Lakini nilipewa karatasi safi na watu arobaini wamesimama wananitazama mkono, na maishani mwangu hiyo ilikuwa mara ya kwanza cheti changu kutoka kwenye kopo. Na ndani kabisa nilikuwa na wazo dogo la chulebuni yangu. Nikakaa kwenye ngazi za kanisa nikaandika.

Niliandika vizuri, ndiyo balaa. Niliandika kwamba hatujawahi kuona mtumishi wa namna hii. Kwamba anafika mvua na jua, pikipiki ikiwa na petroli na isipokuwa nayo. Kwamba alipobaki peke yake alifanya kazi ya watu watatu wala hatukuona tofauti. Na mwisho nikatafuta sentensi ya kufungia, nikaipata: "Mtu huyu hachoki." Katekista aliisoma barua kwa sauti, na alipofika hapo watu walipiga makofi. Walipanga mstari kutia sahihi, wasiojua kuandika wakaweka kidole gumba cha wino. Mama Kapinga aliweka vidole viwili ili apate uhakika.

Watu walewale, nasema, ambao wangesimama barabarani wakauona mti wa ng'ambo ya bonde umebeba mno, wakasema ule utakufa.

Uhamisho haukuja. Bosi mwenye huruma alimwita, akampa nakala ya barua yetu, akampongeza. Bwana Shamba alipita kwangu jioni ile akisukuma pikipiki. Nilikuwa nimesimama, safari hii, nikisubiri anishukuru. Akasema, "Nimeisoma." Nikasema, "Tunakupenda, Bwana Shamba." Akasema, "Sawa."

Akabaki nasi miaka saba mingine. Sina la kusimulia kuhusu miaka hiyo. Alifika alikoitwa, alikaa akasimuliwa, akasema sawa, akaondoka. Nyuma ya nyumba yake ngoro zikajifukia. Taarifa zake, nasikia, zilifika kwa wakati, zote zikiwa na maneno yaleyale. Hakukosea tena mti wa mtu kwa sababu hakutoa tena mkasi. Watu waliridhika. Walisema ametulia. Alipostaafu tulimfanyia sherehe, tukampa blanketi, na mwenyekiti akaisoma ile sentensi yangu ya mwisho kutoka kichwani.

Nilikaa mwaka mzima na zaidi ndipo nikashuka Mbaha. Kwa mtu kama mimi hiyo ni safari ya kuandikia wosia. Lori liliteremka zile kona nikiwa nimefumba macho, nimekumbatia mfuko wa kahawa niliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe, na hotuba ya kuomba radhi niliyoifanyia mazoezi mbele ya mbuzi.

Dada yake alinipokea. Mwanamke mrefu, mikono ina magamba ya samaki. Nilimwamkia, nikasema nimetoka milimani, kwa Bwana Shamba. Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye mfuko.

"Ninyi ndio mlikaa naye?"

"Ndiyo, dada."

"Tuliwapa mtu. Mmetuletea ganda." Hakusema kwa hasira. Akanisogezea kigoda. "Kahawa hanywi. Ikinukia tu anatoka nje."

Bwana Shamba alikuwa uani, kwenye mkeka, miguu peku. Nilishangaa kuona ana vidole vya miguu. Ziwa lilikuwa pale mbele, zuri kama linavyokuwa, naye alikuwa amelipa mgongo na kutazama ukuta wa nyumba. Alinitambua. Alisema, "Baba Frida, umeinuka." Nikafurahi mno, nikadhani mzaha umerudi. Ulikuwa huo mmoja tu.

Nikaanza hotuba nikaisahau. Nikasema, "Ile barua niliandika mimi."

"Najua. Mwandiko wako. Mikia ya herufi zako inafika mstari wa chini."

"Mbona hukuniambia kitu? Miaka saba."

"Ningesema nini? Mliandika vizuri. Niliisoma mara nyingi. Pale mwisho. Nikajiambia, watu wote hawa wameweka vidole, hawawezi kukosea wote. Labda sichoki. Labda ni uvivu. Nikarudi kazini nikaone."

"Nisamehe, Bwana Shamba."

"Nilijaribu kukukasirikia," akasema. "Mwanzoni, mwaka wa kwanza. Ikaniwia kazi."

Akaja jirani yao, mama mmoja ana jani la muhogo lililojikunja, lina mabaka ya njano. Akapiga magoti, akasalimia, akamwonyesha. Nikauona mkono wa Bwana Shamba ukitoka wenyewe. Ukalipokea jani, ukaligeuza upande wa chini, kidole gumba kikapita juu yake, polepole, na doa la kutu lilikuwa bado pale. Kisha akanikabidhi mimi lile jani kama mtu anayekabidhi kitu kilichookotwa. "Muulize huyu, mama," akasema. "Amesoma." Akageukia ukuta.

Mama yule alinitazama. Nikamwambia sijui. Ndilo jambo la kweli pekee nililolisema Mbaha nzima.

Nyumbani waliniuliza habari zake, nikasema anapumzika. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa furaha. "Yule hachoki, atarudi tu kututembelea." Sikumsahihisha. Mfuko wa kahawa niliurudisha, tukainywa.

Sasa tumeletewa Bibi Shamba. Binti mdogo, mchangamfu, ana kata nne. Mwaka wa kwanza alikuwa anakimbia kutoka shamba hadi shamba, anacheka na kila mtu, na Frida akamshonea begi. Mwaka huu ameanza kukaa kwenye pikipiki pale kona. Safari hii mimi niliinuka, nikatembea mpaka pale, nikamuuliza. Akasema, "Niko sawa, baba. Nimeomba uhamisho."

Jumapili iliyofuata mwenyekiti alinijia na karatasi mbili. Nikamwambia mkono wangu unauma. Nilijivunia sana jibu hilo, kwa muda wa kutoka kanisani hadi kwenye geti. Barua iliandikwa na katekista, mwandiko mbaya, mistari inapanda mlima. Aliisoma kwa sauti mbele yetu wote, na mwishoni neno lile lilikuwemo, maana kila mtu alilijua kwa moyo. Watu wakapiga makofi, wakapanga mstari.

Mstari ulisogea. Mama Kapinga, mzee sasa, aliweka vidole vyake viwili, akanipa kalamu. Nilisimama nayo. Shambani kwangu, kuanzia ule mti wa tano, chulebuni ilikuwa imeingia tena.

Nikatia sahihi.